Sikio la Fundi

Injini ya silinda nane inaning'inia kwenye kapi chini ya mparachichi, Mlandege, asubuhi ya Julai ambapo jua la Iringa limeshatoka lakini baridi bado imekaa kitako. Mnyororo umezungushwa kwenye boriti, boriti imelazwa juu ya nguzo mbili, na mzigo wote unazunguka polepole, robo mzunguko kulia, robo mzunguko kushoto, huku oili nyeusi ikidondokea kwenye dumu lililokatwa ubavu. Silinda nne upande huu, nne upande ule. Zinakutana chini kwenye krenki, zinaachana juu, na katika uwazi huo zimekaa kabureta mbili zilizofunikwa kitambaa ili vumbi lisiingie. Pembeni, Land Rover 110 iliyovuliwa injini hiyo imebaki na pua tupu, kila waya umefungiwa kipande cha karatasi chenye namba. Wapita njia wanasimama. Mama aliyejitwika ndoo ya nyanya anasimama, bodaboda anazima pikipiki yake, watoto wa shule wanasukumana wapate pa kuchungulia. Injini tumezoea kuisikia, hatukuzoea kuiona, na kitu kilichotolewa mahali pake pa siri huwafanya watu washushe sauti hata kama hawajui kwa nini.

Gari hilo ni langu. Kadi ina jina langu, ufunguo uko mfukoni mwangu, na mafuta yaliyomo kwenye tenki nimeyalipia mimi. Lakini mbele ya injini inayoning'inia naona wazi kwamba umiliki wangu unaishia kwenye boneti. Kuanzia hapo kwenda ndani ni nchi ya mtu mwingine. Mtu huyo ndiye ajuaye boliti ipi ina uzi uliokwisha, bomba lipi liliwahi kuzibwa kwa gundi, na mlio upi ni wa uzee na upi ni wa ugonjwa. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Mimi naongeza kwamba ukiona vyatembea baada ya miaka arobaini, jua vimeundwa mara nyingi, na waundaji wake wengi hatutawajua kamwe. Kuwa na gari kuukuu ni kuishi ndani ya kazi za mikono ambayo hukuiona ikifanya kazi, na kila asubuhi kuikabidhi roho yako kwa mikono hiyo.

Injini yenyewe ina ukoo mrefu kuliko gari lililoibeba. Land Rover ni ya Uingereza, lakini injini hii ilizaliwa Marekani, katika kampuni ya General Motors, ikaingia sokoni mwaka 1961 ndani ya magari ya Buick, Oldsmobile na Pontiac. Ujazo wake lita 3.5, bloku na silinda hedi vyote alumini, wakati ambapo wenzake wengi walikuwa bado chuma kizito. Ilikuwa nyepesi kiasi cha kushangaza, lakini kuisubu kulikuwa na gharama na bloku nyingi zilitoka na kasoro, kwa hiyo baada ya magari ya mwaka 1963 Wamarekani waliiacha. Wakati huo huo nchi yao ilikuwa inaingia katika shauku ya magari ya misuli. Mwaka 1964 Pontiac ilichukua gari la ukubwa wa kati ikalipachika injini ya lita 6.4, ikaliita GTO; Aprili mwaka huo huo Ford ikazindua Mustang; baadaye wakafuata Dodge Charger na Chevrolet Camaro, kila moja ikishindana na nyingine kwa ukubwa wa ngurumo. Katika karamu hiyo injini ya lita 3.5 ilikuwa mtoto mdogo. Ndipo William Martin-Hurst, mkuu wa kampuni ya Rover, alipokwenda Wisconsin kwenye kiwanda cha injini za boti cha Mercury, akaikuta sakafuni. Mwaka 1965 Rover ilinunua haki ya kuiunda. Mwaka 1970 ilikuwa ndani ya Range Rover ya kwanza, mwaka 1979 ndani ya Land Rover 109, na ilipokuja 110 mwaka 1983, ilikuwamo.

Hilo hunifikirisha sana. Yale makubwa yaliyoshangiliwa yalikwisha upesi. Mgogoro wa mafuta wa Oktoba 1973 uliyakuta barabarani na kuyaacha yakitafuta wanunuzi. Kile kilichotupwa pembeni kwa sababu hakikutosha ndicho kilichovuka bahari, kikapanda nyanda za juu, kikafika mpaka chini ya mparachichi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kukataliwa kwa chuma katika nchi moja si mwisho wa chuma hicho. Vijana wa hapa wanayajua magari ya misuli kwa filamu. Wanajua majina yake kuliko mimi, wanaweza kukutajia Charger ya mwaka gani ilikuwa na taa za namna gani. Wenzetu wenye asili ya Unguja na Pemba wanaoishi Muscat wanayaona kwa macho, kwa sababu Ghuba ina barabara pana na mafuta yaliyokuwa rahisi kwa miaka mingi. Kwetu huku gari lenye usukani wa kushoto linalokunywa petroli kwa pupa halina pa kukimbilia. Lakini sidhani kwamba misuli hatunayo. Tumeielekeza kwingine.

Nguvu ya gari, kwa mtu wa Iringa, haipimwi kwa mwendo wa robo maili iliyonyooka. Inapimwa Kitonga. Unatoka Mikumi, unapita bonde la mibuyu la Ruaha Mbuyuni, joto linakukaba, halafu mlima unasimama mbele yako na barabara inaanza kujikunja ukingoni mwa korongo. Hapo malori yenye shehena yanapanda kwa gia ya chini kabisa, moshi ukitangulia, utingo amekaa mlangoni na jiwe la kuzuia tairi mkononi. Hapo gari linalochemsha linajulikana, na dereva aliyedanganywa na fundi wake anajua kwamba amedanganywa. Nguvu inapimwa kwa viazi vya Njombe, kwa mbao za Sao Hill, kwa chai ya Mufindi inayoshuka wakati wa masika njia ikiwa tope tupu. Kwa hiyo ninapomsikia kijana anaota gari lenye farasi mia nne chini ya boneti, simcheki wala simkatazi. Namuuliza tu anataka kwenda nalo wapi, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo litakaloamua springi, gia, tairi, na zaidi ya yote, breki.

Mji huu umeumbwa na magurudumu. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilikatiwa njia ya mafuta ya kusini, na shehena yote ikabidi ipite huku: mapipa juu ya malori kutoka Dar es Salaam, kupitia Iringa na Mbeya, hadi Tunduma na ng'ambo, kwenye barabara ya vumbi na utelezi iliyoua watu wengi hata ikaitwa Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968 mapipa yalipungua. Lami ikafuata, Marekani ikiwa miongoni mwa waliotoa fedha. Wachina nao wakajenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860, kati ya mwaka 1970 na 1975. Lakini reli hiyo ilikata kupitia Mlimba na Makambako. Haikufika Iringa mjini. Mbeya ikapata stesheni, Iringa ikabaki na lami. Naamini ndiyo sababu fundi wa Iringa ana hadhi ambayo mgeni haielewi mara moja. Katika mji usio na treni, mwenye spana ndiye mwenye funguo za lango. Wakati Land Rover ilikuwa gari la mkuu wa wilaya, la mganga wa hospitali ya misheni na la bwana shamba, aliyeweza kulifufua saa nane usiku mvuani alikuwa mtu ambaye hata mkuu wa wilaya alimwamkia kwanza.

Sasa injini imeshushwa, na imeshushwa ili kuamua jambo. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuifunga upya kama ilivyo: ringi mpya, beringi mpya, tapeti mpya, silinda hedi zipelekwe kusawazishwa kwa sababu alumini ikichemka hupinda. Ya pili ni kuiweka kando na kufunga injini ya dizeli, Isuzu ya lita 2.8 au Toyota 1HZ ya silinda sita, lita 4.2, ile ambayo kila dereva wa mbugani anaiapia. Wengi wameshachagua ya pili. Pita gereji yoyote kati ya hapa na Mwanjelwa, fungua boneti za Land Rover, utakuta Mjapani amekaa kwenye kiti cha Mwingereza na amestarehe. Oktoba 2024 zilipokusanyika Arusha Land Rover kwa mamia, msururu usioisha, nilitazama picha nikajiuliza ni ngapi kati ya hizo bado zina injini zilizotoka nazo kiwandani. Swali hilo si la kuzidharau. Nataka kujua ni nini hasa tunachokipenda tunaposema tunalipenda gari fulani.

Jembe lililobadilishwa mpini, kisha likabadilishwa bamba la chuma, bado mwenye shamba huliita jembe la baba. Serikali ina jibu lake: kadi ya gari imeandikwa namba ya chesesi na namba ya injini, na ukibadilisha injini inakupasa upeleke habari ili kadi iseme kweli. Kwa serikali, basi, chesesi ndiyo nafsi. Lakini Land Rover ina fumbo lake. Tangu ya kwanza ilipooneshwa Amsterdam Aprili 1948, bodi zake zilitengenezwa kwa alumini, kwa kuwa Uingereza baada ya vita ilikuwa na uhaba wa chuma. Bodi haili kutu. Chesesi ni chuma, na inakula. Kwa hiyo ngozi hudumu na mifupa huoza, kinyume cha kila kiumbe tunachokijua. Nimeona gari ambalo bodi yake ni ya miaka ya 1970, chesesi imeungwa viraka hadi huwezi kusema kipi ni chuma na kipi ni uchomeleaji, injini imetoka Japani, giaboksi imetoka kwa marehemu gari jingine, na mwenye gari akiulizwa anasema bila kusita ni lile lile alilonunua mjomba wake. Akipenda chongo huita kengeza, watasema. Mimi naona anasema kweli. Gari hilo ni lile lile kwa sababu ametokea mtu, kila lilipoharibika, aliyekumbuka lilivyokuwa kabla.

Na hapo ndipo kazi ya kurekebisha gari inapoacha kuwa suala la vyuma. Kubadilisha injini si kuondoa kimoja na kuweka kingine. Mikono ya kushikilia injini inakatwa na kuchomelewa upya. Propela shafti inafupishwa au kurefushwa, na isipopimwa vizuri gari zima litatetemeka likifika mwendo fulani. Uzito wa mbele unabadilika, springi zinalalamika, rejeta iliyotosha jana leo haitoshi. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii mpaka siku wanaposhuka Kitonga. Injini ya petroli inaponyonya hewa huacha nyuma yake mvuto mkubwa, na mvuto huo hupelekwa kwa bomba hadi kwenye busta ya breki. Ndio unaoufanya mguu wa binadamu uweze kusimamisha tani mbili za mzigo. Injini ya dizeli haina mvuto huo. Inahitaji pampu yake maalumu. Fundi anayekufungia dizeli bila kufikiria breki zitavuta wapi amekupa gari linalowaka vizuri, linalopanda vizuri, linalokupendeza wiki nzima, na siku ya kushuka mlima utakanyaga pedali ngumu kama jiwe. Kuongeza nguvu kila mtu anaweza kukuahidi. Mimi swali langu la kwanza kwa fundi yeyote anayetaka kubadilisha injini ni hilo: breki itavuta wapi? Nimeshamwona mtu akikodoa macho kwa swali hilo, na nimeshamwona mwingine akitabasamu na kwenda moja kwa moja kuchukua pampu rafuni.

Tunaposema tunatafuta fundi wa kuaminika, tunatafuta nini? Gereji bubu ziko kila kichochoro, na ndani yake wamo watu hodari pamoja na wale wanaojifunzia kwenye gari lako. Cheti ukutani kinasaidia, ila hakitoshi. Bei rahisi haisaidii kabisa. Nilivyozoea mimi kuangalia ni mambo madogo ambayo hayahitaji ujuzi wa injini. Fundi anayekurudishia spea ya zamani bila kuombwa, akakuonesha ilipolika, amekwambia kwamba ametoa kweli na ameweka kweli. Fundi anayesema "sijui, niache nilale nalo" ni hazina. Wale wasiojua kusema sijui hubadilisha pampu, wakabadilisha nozo, wakabadilisha waya, mpaka wafike kwenye ugonjwa au mfuko wako ufike chini, chochote kitakachotangulia. Na fundi ambaye hafungui boneti kabla hajasikiliza, huyo mfuate hadi mwisho wa mji.

Fundi wangu ni mzee aliyeanza kama saidia fundi katika karakana ya umma, siku ambazo V8 zilikuwa zikiletwa kwa wingi na wakubwa. Ukifika anakuitikia "kamwene", anakaa juu ya tairi, anakuambia uwashe, na anafumba macho. Kisha anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye bloku, mpini anauegemeza sikioni, na anasogea nayo polepole kutoka silinda hadi silinda. Siku ya kwanza alisema, "Mwalimu, hii ya sita inakohoa lakini mwenye kosa ni wa nane." Sikuelewa. Baadaye alinifundisha mpangilio wa kuwaka kwa injini hii, anaoutaja kwa kuimba kidogo, kama watu wanavyohesabu kwa mazoea ya miaka: moja, nane, nne, tatu, sita, tano, saba, mbili. Namba hizo ziliwekwa Marekani na watu ambao hawakuwahi kuisikia Iringa, na sasa ziko katika kumbukumbu ya mzee wa Kihehe, hazijaandikwa popote katika gereji yake. Anajua pia jambo ambalo watu hao hawakumwandikia: kwamba Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo hupoteza sehemu ya nguvu zake kwa sababu hiyo tu, na kabureta iliyopimwa vizuri Dar es Salaam ikifika huku humimina petroli kupita kiasi, plagi zinakuwa nyeusi, moshi unatoka. Mara ngapi gari limefikishwa kwake likiitwa bovu, kumbe limepanda mlima tu? Yeye anageuza skrubu mbili, anasikiliza, anageuza tena kidogo. Ubingwa wake umo katika kujua injini na kujua mahali, na mojawapo ikikosekana nyingine haitoshi.

Njia ya mwongo ni fupi, na fundi mwongo hukutana na uongo wake pale Ipogolo kabla hajamaliza hela. Lakini naona tumeshasema sana juu ya mafundi waongo na kidogo mno juu ya wenye magari. Mwenye gari analeta spea feki aliyoinunua kwa bei ya nusu, anaagiza ifungwe, na ikivunjika anasema fundi hafai. Anaomba bei ipunguzwe hadi fundi hawezi kununua gasketi mpya, kwa hiyo ile ya zamani inapakwa gundi na kurudishwa. Anasema gari alitaka jana. Analipa nusu, anapotea na nusu, na mwaka unaofuata anaonekana katika gereji nyingine akisimulia jinsi mafundi walivyo. Nikiwa nimekaa juu ya ile benchi ya mbao Mlandege nimesikia fundi akimkataa mteja kwa upole mkubwa, akimwelekeza kwa mwenzake, na mteja alipoondoka akasema, "Huyu gari lake zuri. Yeye ndiye mbovu." Uaminifu tunaoutafuta kwao nao wanautafuta kwetu, kwa hofu ile ile, kwa sababu fundi akikopesha jasho lake hana kadi yenye jina lake ya kudai. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee ana daftari la kurasa zilizolowa oili ambamo kila gari lina ukurasa, na ninapolipa huniomba niandike mwenyewe kwa mkono wangu, nami nimejifunza kuliheshimu lile daftari kuliko risiti nyingi nilizowahi kupewa.

Kilomita chache kutoka hapa, kwenye makorongo ya Isimila, yamelala mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu wa kale sana, mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Ukiyashika yale yaliyowekwa kwa ajili ya wageni unaona ajabu: kiganja chako kinajua pa kukaa. Aliyechonga shoka hilo alikuwa na kiganja kama chako, na alijua jiwe gani linapasuka vizuri na pigo gani linaharibu kazi yote. Hakuna aliyeandika ujuzi huo. Ulipita mkononi, kizazi kwa kizazi, kwa mtoto aliyekaa pembeni akitazama, kwa muda mrefu usioelezeka, na kisha ukakatika. Mawe yamebaki. Kila nikitoka Isimila na kurudi mjini, nikimkuta mzee ameinama na kijana ameshika taa, ninahisi wasiwasi ambao si wa gari peke yake. Injini hizi zitabaki. Alumini haili kutu. Vipuri vyake bado vinatengenezwa Uingereza na vinaagizika kwa simu kutoka hapa hapa. Kitakachokwisha ni sikio.

Serikali inalijua tatizo hili kwa kiasi chake. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti cha ujuzi alionao tayari, na hilo ni jambo jema ambalo ningependa kila gereji ya Mlandege ilitumie. Vijana wanaotoka vyuoni wanajua kuchomeka kompyuta kwenye gari la kisasa na kusoma kosa likiwa limeandikwa kwenye kioo. Sitaki warudi nyuma. Lakini injini inayoning'inia hapa haina pa kuchomeka chochote. Haisemi kosa lake kwa maandishi. Yule kijana anayeshika taa alikuja akiwa na miaka ya sekondari bado mwilini, akitamka "shikamoo" kwa kila mtu pamoja na wapiga debe. Sasa anaweza kutofautisha tapeti inayogonga na beringi inayolia, na mzee hajawahi kumsifu hadharani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ila nimemwona mzee akimpa bisibisi ndefu na kusogea pembeni, na kwa mzee huyo hiyo ni sifa kubwa kuliko maneno.

Kwa hiyo nimeamua. Dizeli ingenipunguzia gharama ya mafuta, hilo sibishani nalo, na anayebeba viazi kila wiki ningemshauri afunge dizeli kesho asubuhi, mradi akumbuke pampu ya breki. Mimi sibebi viazi. Injini itarudi mahali pake, silinda zote nane, na nitalipa petroli yake kwa safari chache zaidi na kwa mwendo mdogo zaidi. Sababu yangu si kuihifadhi Buick ya mwaka 1961 wala kuwafurahisha wapenzi wa Land Rover. Sababu ni kwamba V8 hii ni miongoni mwa chache zilizobaki hapa ambazo mzee anaweza kumfundishia kijana, na ikiondoka kwenye gari langu, somo nalo litaondoka. Nimemwambia mzee kwamba safari hii kijana ndiye afunge delko, apange taimingi na kupima kabureta, yeye akae kwenye tairi lake asikilize, na muda utakaopotea kwa kukosea na kurudia nitaulipia mimi kama kazi nyingine yoyote.

Amefikiri kwa muda, amefuta mikono, amelifungua daftari kwenye ukurasa wangu na kuandika kiasi tulichokubaliana. Chini yake ameandika sharti lake moja kwa herufi kubwa, akaniomba nisaini: mwenye gari asipige simu kuuliza litakuwa tayari lini.